Si Macheo

Kazi yangu ni kukunja. Kurasa zinatoka kwenye mashine zikiwa na joto kama nguo iliyopigwa pasi, nazipanga, nazikunja katikati, nalainisha mkunjo kwa kipande cha rula, nazipiga pini mbili mgongoni, natia kwenye boksi. “Anayekunja hasomi,” bosi aliniambia siku ya kwanza. “Ukisoma, mikono inalala.” Mwenyewe tunamwita Mzee Wino. Kucha zake hazijapata kuwa safi tangu ujana wake, na tunamtania kwamba hata cheti cha ndoa yake alikisaini bila kalamu.

Mimi nasoma. Niliacha shule darasa la sita, nikarudi ukubwani nikiwa na mimba ya miezi minne, darasa la jioni, na mtu aliyewahi kunyang'anywa kitu hukishika kwa mikono miwili. Nasoma maandishi ya sabuni. Nasoma matangazo ya vifo vya watu nisiowajua. Kwa hiyo Alhamisi ile, mwanangu akiwa amelala ndani ya boksi tupu la karatasi chini ya meza yangu, nikasoma.

Kilikuwa kijitabu cha maonyesho ya picha yatakayofunguliwa Jumamosi saa nne asubuhi katika Jumba la Sanaa. Habari za maonyesho hayo tulikuwa nazo nyumbani. Mama alikuwa ameletewa barua ya mwaliko, kiti cha mbele, kwa sababu picha moja kati ya zile aliichora marehemu Baba. Nilikuwa nimemsomea barua hiyo mara tatu, na kila mara alijifanya hakusikia vizuri pale panaposema “mgeni wetu wa heshima.” Gauni lake la bluu lilikuwa limeshatolewa sandukuni na kuanikwa, lipungue harufu ya dawa ya nondo.

Nikafika ukurasa wa sita. Mto wetu ulikuwepo, mwekundu na manjano, mdogo kama bahasha. Sikuwa nimeuona tangu nikiwa na miaka tisa. Juu yake paliandikwa MACHEO, na chini yake maneno haya:

“Katika kazi hii yenye furaha tulivu, nuru changa ya asubuhi inawaamsha wanawake wa mtoni. Mmoja ameinua mkono kulisalimu jua. Mwingine ameshika fimbo, ishara ya mamlaka. Mto umetulia kama kioo, hauna chombo. Ni siku mpya, ni tumaini.”

Nilisoma mara moja. Nikarudia nikifuata kwa kidole. Kisha rula ikanidondoka.

Yule aliyeinua mkono ni mama yangu, na halisalimu jua. Anamwita dada yangu.

Dada alikuwa na miaka kumi na mbili, mimi minane. Mchana ule alivuka mto peke yake na mtumbwi, kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga ng'ambo, kama alivyokwisha kuvuka mara nyingi. Jioni hakurudi. Mama akashuka ukingoni akaanza kuita, na majirani waliposikia ile sauti wakatoka mbio na chochote walichokuwa nacho mkononi. Mama Pacha alitoka na mwiko, sufuria ikiwa bado motoni. Mama aliita mpaka jua likazama, akaita gizani mpaka sauti ikampasuka. Siku ya tatu mtumbwi ulionekana mbali huko chini, umepinduka. Dada hatukumpata. Miezi michache baadaye Baba akauchora ule ukingo kwenye ubao uliokuwa uwe bango la duka, na kwa kuwa Mama hakuweza kuishi nao nyumba moja, akampa mwalimu mkuu wa shule yetu. Mwalimu alipostaafu akaupeleka Jumba la Sanaa.

Ilikuwa jioni. Machweo. Na hawa wamempa mama yangu furaha tulivu.

“Mzee,” nikasema, “hapa kuna kosa.”

Mzee Wino hakuinua kichwa. “Kosa letu au lao?”

“Lao.”

“Basi si kosa. Wakituletea imeandikwa ng'ombe hutaga, tunachapa ng'ombe hutaga, na tunawauliza mayai wanataka ya rangi gani.”

“Huyu mwanamke ni mama yangu. Anaita mtoto aliyezama. Wameandika anafurahi.”

Alikuja akachukua kijitabu, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu. Halafu akaenda akazima mashine, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya kabla ya saa ya kula.

“Kesho asubuhi nenda kwao,” akasema. “Wenzako wakiuliza, nitasema umempeleka mtoto kliniki. Vijitabu sitavipeleka leo, nitavipeleka Jumamosi yenyewe. Wakinibadilishia maneno kesho, nachapa upya ukurasa mmoja. Zaidi ya hapo, binti yangu, mimi ni mashine tu.”

Jioni ile darasani nilimuuliza mwalimu tofauti ya maneno yale mawili. Alifurahi, maana kwa kawaida tunamuuliza lini tutaruhusiwa kwenda nyumbani. Akaandika ubaoni: kumekucha, kumekuchwa. “Kukicha, mwanga unakuja,” akasema. “Kukichwa, mwanga umechukuliwa. Kutoka hapo mnapata macheo na machweo. Hii w mnaiona ndogo, lakini imebeba giza lote.” Wenzangu wakanakili. Mimi nilikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi.

*

Mlangoni pa Jumba la Sanaa mlinzi alimwangalia mtoto mgongoni kwangu, kisha mimi.

“Unamtaka nani, mama?”

“Aliyeandika kijitabu.”

“Ah, Daktari.”

“Daktari?”

“Wa picha. Picha ikiumwa analetewa yeye.” Akacheka peke yake, akanionyesha korido.

Daktari wa picha alikuwa mtu mzima, mpole, miwani imefungwa kamba shingoni kama funguo za stoo. Nilipomwambia mimi ni binti wa mchoraji wa ile picha ya mto alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Karibu sana, dada! Unajua maonyesho yote nimeyajenga juu ya kazi ya baba yako? Jina lenyewe la maonyesho, Alfajiri Mpya, limetoka kwake. Njoo, njoo uione.”

Niliiona. Ilikuwa ukutani peke yake, na taa mbili ndogo za manjano zimeelekezwa juu yake kutoka kushoto, kuongeza asubuhi. Pembeni palikuwa na kadi kubwa nyeupe yenye yale maneno ya ukurasa wa sita. Nilitaka kuwa na hasira tangu mwanzo, lakini kwanza nilipigwa na rangi. Baba hakuwahi kununua rangi ya kuchorea picha. Ule wekundu wa maji ulikuwa wekundu wa bucha, aliobakiwa nao akiandika bango la nyama. Manjano ya angani yalikuwa ya kibanda cha simu. Kijani kizito cha majani ya ukingoni kilitoka kwenye lango la zahanati. Zote zilikuwa rangi za kuita wateja, na yeye alikuwa amezichanganya mpaka zikapoteza kelele zote, zikawa mwanga wa dakika zile za mwisho, ambao mtu akiutazama anaanza kuhesabu watoto wake nani yuko ndani na nani bado.

Na mama yangu alikuwa amesimama katikati yake, mgongo kwetu, mkono juu.

“Hii ni jioni,” nikasema.

“Samahani?”

“Umeandika asubuhi. Ni jioni. Huyu ni mama yangu. Hasalimu kitu, anamwita dada yangu, na dada yangu amezama. Hiyo si fimbo, ni mwiko. Huyo mwanamke ametoka jikoni mbio. Umewahi kuona mtu anasalimia jua na mwiko?”

Sura yake ilihuzunika kweli, nampa haki yake. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa mto: “Pole sana, dada. Pole mno. Lakini sanaa ina tafsiri nyingi.”

“Mama yangu si tafsiri.”

“Naelewa uchungu wako.”

“Huelewi! Angalia pale.” Nilimwonyesha kigingi cha kufungia mtumbwi, kilichosimama ndani ya maji. “Maji yakipita kwenye kigingi yanaacha mkia. Huu mkia umeelekea wapi?”

Akainama, akavaa miwani. “Kwenye jua.”

“Mto wetu unakwenda magharibi. Haujawahi kugeuka hata siku moja ili kumfurahisha mtu. Na nyayo hizi matopeni, zote zinashuka. Hakuna hata moja inayopanda. Watu wanaokuja mtoni asubuhi wanakuja mmoja mmoja, na ndoo, wengine wameshaondoka. Hapa iko wapi ndoo? Baba alikuwekea kila kitu, Daktari. Alichora mpaka nyayo. Wewe umetazama nini?”

Mtoto aliamka mgongoni akaanza kulialia. Nikamtikisa huku nimekaza macho.

Daktari alijinyoosha. Upole ulikuwa umeanza kumpungua. “Dada, mimi sikubuni. Jina la kazi ni la msanii mwenyewe. Ngoja.”

Akaushika ubao kwa pande mbili, akaushusha kutoka ukutani, akaugeuza.

Nyuma palikuwa na mbao tupu na vumbi. Katikati paliandikwa kwa mkaa, kwa herufi kubwa zinazopanda mlima: MACHEO.

Herufi E ilikuwa na miguu minne.

Niliiangalia ile E nikasahau kumtikisa mtoto. Katika watu wote niliopata kuwajua ni mmoja tu aliyekuwa akiandika E kama kitana, mstari mmoja zaidi ya unaotakiwa, mpaka mwalimu wa darasa la pili akamchapa rula vidoleni. Mtu huyo alikuwa mimi.

Baba mtaani walimwita Brashi. Aliandika herufi nzuri kuliko mtu yeyote, na hakuweza kusoma hata moja. Mteja humwandikia maneno kwenye karatasi, naye anayachora yalivyo, kama mtu anavyochora kuku. Karatasi ikikosea, bango linakosea. Fundi viatu wa jirani alimwandikia mbiombio FUNDI VITU, na Baba akaichora kwa manjano yenye kivuli chekundu, ikapendeza mpaka fundi akaona haya kuifuta. Watu wakaanza kumletea redio na miavuli. Mwishowe ikabidi ajifunze miavuli.

Sasa nikaikumbuka ile siku. Baba aliulaza ubao kifudifudi sakafuni, akanipa kipande cha mkaa. “Mama mdogo,” akaniita, kama alivyoniita kila alipotaka kitu, “niandikie machweo.” Nikapiga magoti. Nilijivuna vibaya sana, baba mzima ananiomba neno. Niliandika nilichosikia, na sikio la mtoto halishiki w. Akaniambia ahsante. Akaamini.

“Umeona?” Daktari akasema.

“Nimeona. Niliandika mimi. Nilikuwa na miaka minane. Baba alisema machweo, mimi nikaandika hivyo.”

Nikaona uso wake unalegea, na ndipo hasira iliporudi mara mbili, maana alikuwa amefarijika.

“Kumbe,” akasema. “Basi kosa si letu.”

“La herufi ni langu. Lichukue, nimekupa. Haya, na mwiko? Mwiko niliandika mimi? Furaha tulivu niliandika mimi? Mtoto wa miaka minane alikosea herufi moja. Wewe umekosea mto mzima.”

“Punguza sauti, tafadhali.”

“Badilisha.”

“Haiwezekani. Wageni wameshaalikwa kwa Alfajiri Mpya. Kuna bango nje, kuna hotuba.” Aliutundika ubao mahali pake, akausawazisha kwa kidole. Kisha akageuka, akashusha sauti yeye mwenyewe, na alilolisema alilisema kwa nia njema, hilo ndilo linaloniunguza hadi leo. “Sikiliza, dada. Mama yako hasomi, sivyo? Basi kuna haja gani ya kumwambia? Atakaa mbele, atapigiwa makofi, atafurahi. Hakuna atakayeumia.”

Nilitoka bila kuaga. Mlinzi aliniuliza kama daktari ameniandikia dawa. Nikamwambia daktari mwenyewe ndiye mgonjwa.

*

Mama alikuwa anapiga pasi gauni la bluu juu ya meza, blanketi limekunjwa chini yake. Alinipokea mtoto kwa mkono mmoja bila kuiachia pasi, akamnusa shingoni.

“Kliniki wamesemaje?” Asubuhi nilikuwa nimemwambia naenda huko.

“Sikwenda kliniki, Mama.”

“Najua hukwenda. Kadi yake iko pale juu ya kabati. Ulikwenda wapi?”

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumzungusha. Nilikuwa nimefikiria hata kumwambia maonyesho yameahirishwa. Nikatoa kijitabu kwenye mkoba.

“Kaa, Mama.”

“Nikikaa gauni litaungua. Soma.”

Nikasoma. Nilisoma polepole, nikitamani kila neno ligeuke kabla halijanitoka. Kwenye “ameshika fimbo” alicheka kwa pua. “Fimbo! Mama Pacha angekuwa hai wangemsikia. Mwiko ule alimchapia mumewe, labda ndiyo mamlaka yenyewe.” Nami nikacheka, kwa woga. Nikamaliza.

“Rudi mwanzo,” akasema. “Pale pa furaha.”

“‘Yenye furaha tulivu.’”

“Tulivu.” Alisimamisha pasi wima kwenye kisigino chake. “Na huyo aliyeinua mkono?”

“Kulisalimu jua.”

Mtoto alimvuta hereni, akamwacha aivute.

“Mama, ni mimi. Baba aliniambia niandike machweo nyuma ya ubao, nikaandika macheo. Wamelifuata neno langu. Ni mimi niliyekuharibia.”

Aligeuka akanitazama. Nilikuwa tayari kwa lolote.

“Ulikuwa na miaka mingapi?”

“Minane.”

“Na huyo bwana ana mingapi?”

“Hamsini hivi.”

“Ana macho?”

“Anayo, na miwani juu yake.”

“Basi usiniletee hadithi za miaka minane.” Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. “Mimi nilikuwa na thelathini na nne, na ndimi niliyemwambia nenda, utarudi kabla ya jua kuzama. Hilo ndilo kosa ninalolala nalo. Lako halina uzito hata wa kunikalisha chini. Lakini jambo moja nataka unijibu, wewe mtoto. Ulitaka kunificha?”

Nikainamisha kichwa.

“Ulitaka nikae pale mbele na gauni langu, nikipigiwa makofi kama gunia lililoshinda bahati nasibu?”

“Yeye ndiye aliyesema nisikwambie. Alisema husomi.”

“Alisema hivyo?”

“Ndiyo.”

“Ni kweli, sisomi.” Akaichukua tena pasi, akaipeleka kwenye kola kwa nguvu, mvuke ukapanda usoni kwake. “Lakini nasikia. Tutakwenda.”

“Mama, tukienda atasoma yote mbele za watu.”

“Na asome.”

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mzee Wino alikuwa mlangoni na maboksi yake, amevaa koti ambalo sikujua kama analo. “Nimevileta kama walivyotaka,” akaninong'oneza, hakuweza kunitazama. “Samahani, binti yangu.” Nikampita. Nilikuwa na hasira hata na yeye, hata na koti lake.

Tulikaa mstari wa mbele, Mama, mimi, na mtoto magotini kwangu. Picha ilikuwa mbele yetu hatua tano hivi, taa zake mbili zikiwaka. Mama aliitazama tangu tulipoketi na hakubandua macho. Nilimgusa mkono. Ulikuwa baridi na haukunijibu.

Daktari alipanda kwenye kijukwaa, akashukuru aliowashukuru, akafungua karatasi. Aliponiona alikwepa. Kwa muda mfupi nilidhani ataruka maneno yale. Nilimwombea aruke. Hakuruka.

“Katika kazi hii yenye furaha tulivu,” akaanza, kwa sauti nzuri, “nuru changa ya asubuhi inawaamsha wanawake wa mtoni. Mmoja ameinua mkono kulisalimu jua...”

Mama akasimama.

Watu walidhani amesimama kujitambulisha. Daktari naye alidhani hivyo, au alijitahidi kudhani. “Naam! Mjane wa msanii, mabibi na mabwana!” Makofi yakapigwa. Mama hakuinama wala hakupunga. Alitembea mpaka penye picha, akasimama kando yake, akatugeuzia mgongo, kama yule wa kwenye ubao. Makofi yakapungua yenyewe. Akainua mkono.

“Weeeee!”

Sijui niieleze vipi sauti ile. Haikuwa ya mwanamke mwenye gauni la bluu. Nilikuwa sijaisikia kwa miaka kumi na tisa, na mwili wangu uliijua kabla yangu. Nikajikuta nimembana mtoto mpaka akalia.

“Weeee, mwanangu weee! Rudi! Rudi, mama, jua linakuchwa!”

Iligonga ukuta wa mbele ikarudi. Bibi mmoja nyuma yetu alisema “Mungu wangu” na kiti kikaanguka mahali. Mama akaita tena. Akaita mara ya tatu, na mara ya tatu sauti ilipasuka palepale ilipopasukia siku ile.

Akashusha mkono. Akageuka, macho makavu, yanawaka.

“Hivyo ndivyo huu mkono ulivyokuwa unasema,” akawaambia. “Kama kuna asiyesikia vizuri, nitarudia.”

Hakuna aliyepiga kofi. Daktari alishuka kijukwaani na karatasi zake. Nadhani aliguswa, nadhani hakujua tu la kufanya na kitu kisichokuwa na fremu. “Mama,” akasema, “samahani sana. Hii ni... hii ni simulizi nzito mno. Tungeiongeza. Watu wataipenda.” Akatoa kalamu ya wino mfukoni. “Mtoto aliitwa nani? Niandike.”

Mama aliitazama ile kalamu.

“Jina lake halimo kwenye picha,” akasema. “Iliyomo ni jioni. Andika jioni kwanza.”

“Ndiyo, lakini vijitabu vimeshachapwa, mama, ingekuwa vigumu...”

“Mashine yangu haijapoa!” Mzee Wino akapaza sauti kutoka mlangoni.

Daktari akasita, kalamu imening'inia hewani. Aliangalia wageni, akaangalia bango la Alfajiri Mpya juu ya kijukwaa. Aliangalia kila mahali isipokuwa kadi. Niliinuka. Nilimkabidhi mtoto yule bibi wa nyuma, nikaichukua kalamu vidoleni mwa Daktari, na aliiachia.

Kwenye MACHEO hapakuwa na nafasi kati ya H na E. Niliipachika W juu yake na kijimshale, kama mwalimu wa jioni anavyonisahihisha mimi, nene, mtu aione akiwa mlangoni.

“Sasa soma hayo mengine,” Mama akasema nyuma yangu.

“‘Katika kazi hii yenye furaha tulivu...’”

“Futa.”

Nikapiga mstari. Kalamu ilikuwa inakwaruza, kadi ilikuwa ngumu.

“‘Nuru changa ya asubuhi inawaamsha wanawake wa mtoni.’”

“Wanawake wa mtoni waache. Hayo mengine futa.”

“‘Mmoja ameinua mkono kulisalimu jua.’”

“Mkono uache. Salamu futa.”

“Dada, ile kadi ni ya...” Daktari akaanza.

“Nyamaza, baba,” Mama akamwambia, bila kumtazama. “Wewe ulisoma peke yako, sasa tunasoma wote. Endelea.”

“‘Mwingine ameshika fimbo, ishara ya mamlaka.’”

“Andika mwiko.”

Nikaandika mwiko. Mtu mmoja ukumbini alicheka kidogo, akanyamaza kwa haraka.

“‘Mto umetulia kama kioo...’”

“Haukutulia. Futa.”

“‘...hauna chombo.’”

Nilisubiri. Niligeuka nikamwona amekodolea macho yale maji mekundu, pale kwenye kigingi kisichofungiwa mtumbwi, na taya lake limekaza.

“Hiyo iache,” akasema.

Nikafuta siku mpya. Nikafuta tumaini, nalo si kwamba silitaki. Nina mtoto, nalitaka kila siku, ila si pale. Nikamrudishia Daktari kalamu yake. Mama akarudi kwenye kiti chake cha mbele, akakaa, akalinyoosha gauni magotini, akampokea mjukuu wake kutoka kwa yule bibi.

“Haya,” akamwambia Daktari. “Endelea na picha nyingine. Na uziangalie kwanza.”